Benki inapomuuliza mteja fedha anazotoa ni za nini: faragha ina mipaka gani, na usimamizi uishie wapi?

Mweka Amana (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, naomba tulijadili kwa utulivu jambo linalomkuta karibu kila mwenye akaunti siku anapohitaji kiasi kikubwa cha fedha taslimu: karani wa dirishani humuuliza fedha hizo anakwenda kuzifanyia nini, anampelekea nani, na kama ana hati ya kuthibitisha anachokisema. Wapo wanaolichukulia swali hilo kuwa udhalilishaji, na wapo wanaoliona kuwa ulinzi. Msimamo wangu ni kwamba benki inazo sababu halali za kuuliza, lakini swali lake limeachwa bila mipaka. Mteja haelezwi limetokana na nini, hajui itakuwaje akikataa kulijibu, hajui jibu lake litahifadhiwa wapi na kusomwa na nani, na fedha zikizuiwa hana mahali pa haraka pa kupeleka lalamiko. Naamini faragha huvunjwa na hayo manne kuliko inavyovunjwa na kuulizwa kwenyewe.

Tuanze na hali ya kisheria ya fedha zenyewe, kwa sababu wengi wetu tunasema "fedha zangu zilizoko benki" kana kwamba zimefungiwa ndani ya sanduku lenye jina letu. Katika nchi zinazofuata mapokeo ya sheria ya Uingereza, suala hili liliamuliwa mwaka 1848 katika kesi ya Foley dhidi ya Hill: fedha zikishawekwa benki huwa mali ya benki, na mteja hubaki na dai. Benki ni mdaiwa, mteja ni mdai. Watu huisoma hukumu hiyo kuwa habari mbaya kwa mweka amana, na kwa kiasi fulani wana haki, maana benki ikifilisika yeye huungana na wadai wengine kusubiri mgawo. Lakini hukumu hiyohiyo humpa nguvu asiyoijua. Mdaiwa aliyedaiwa deni lililoiva hana, kwa asili ya deni, mamlaka ya kumhoji mdai wake atakavyolitumia. Mamlaka hayo, pale yalipo, yameletwa na sheria za baadaye kwa malengo maalumu, na mamlaka yaliyotolewa kwa lengo maalumu yanapaswa kukoma lengo hilo linapokoma.

Upande wa usiri nao una historia yake. Mwaka 1924 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kesi ya Tournier, ambamo meneja wa benki alimpigia simu mwajiri wa mteja na katika mazungumzo akafichua kwamba fedha za mteja huyo zilikuwa zikienda kwa wapokea dau za kamari. Mteja alipoteza kazi. Mahakama ilisema benki ina wajibu wa kutunza siri za mteja hata baada ya akaunti kufungwa, isipokuwa katika hali nne: sheria inapoilazimisha kutoa taarifa, wajibu kwa umma unapodai hivyo, maslahi ya benki yenyewe yanapohitaji, na mteja mwenyewe anaporidhia. Ukiziangalia hali hizo nne utaona kwamba historia nzima iliyofuata ni ya hali ya kwanza kuzidi kupanuka, hadi leo sehemu kubwa ya kinachoandikwa juu ya mteja hutoka benki kwa nguvu ya sheria.

Hatua iliyobadilisha mambo ni sheria ya Marekani ya mwaka 1970 iliyozitaka benki kutunza kumbukumbu za miamala na kutoa taarifa serikalini kila fedha taslimu zinazowekwa au kutolewa zinapozidi dola 10,000 kwa siku. Mwaka 1976, katika kesi ya Miller, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaongeza kwamba mteja hana faragha inayolindwa na katiba katika kumbukumbu zilizoko mikononi mwa benki, kwa kuwa amezitoa kwa hiari yake. Bunge lilijaribu kuziba pengo hilo mwaka 1978 kwa sheria ya faragha ya kifedha, lakini ikiwa na vighairi vingi. Mahakama ya Juu ya India, katika kesi ya Canara Bank ya mwaka 2004, ilikataa kuifuata hoja ya Miller na kusema kwamba faragha humfuata mtu, kwa hiyo haipotei eti kwa sababu nyaraka zake zimewekwa kwa mtu mwingine. Mimi nasimama na majaji wa India. Hakuna hiari ya kweli katika kuwa na akaunti mahali ambapo mshahara, kodi ya nyumba na karo hupita benki.

Sasa niwape kisa kinachonifikirisha kuliko vyote, kwa sababu hakimpi ushindi rahisi mtu wa upande wowote. Dennis Hastert alikuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la Marekani kuanzia 1999 hadi 2007. Mwaka 2010 alianza kutoa benki dola 50,000 kwa mara moja, mara kwa mara. Wafanyakazi wa benki walimuuliza kuhusu fedha hizo mwaka 2012, kama sheria inavyowataka. Baada ya kuulizwa, akaanza kutoa viwango vilivyo chini ya 10,000 ili taarifa isiandikwe, na mwaka 2015 akashtakiwa kwa kuvunjavunja viwango hivyo na kwa kuwadanganya wapelelezi. Fedha zilikuwa zake, zilizopatikana kihalali. Kosa alilokiri mahakamani lilikuwa la kukwepa taarifa ya benki. Lakini zilikuwa zikienda kwa mtu ambaye Hastert mwenyewe alimdhulumu kingono miaka mingi nyuma, Hastert alipokuwa mwalimu na kocha wa shule, na uovu huo ulikuwa umepitwa na muda wa kushtakiwa. Aprili 2016 alihukumiwa miezi 15 gerezani.

Anayetetea usimamizi atasema: bila swali la karani, ukweli usingejulikana kamwe. Sitalipinga hilo, na waliodhulumiwa walistahili ukweli huo. Lakini tazameni utaratibu wenyewe ulivyofanya kazi. Mtu anayetoa fedha zake halali anageuka mhalifu kwa sababu tu ya namna alivyozigawa, na sheria haiulizi kama nyuma yake kuna uovu au hakuna. Mwaka 1994, katika kesi ya Ratzlaf iliyohusu mtu aliyekuwa akilipa deni la kamari, Mahakama ya Juu hiyohiyo ya Marekani ilisema mshtakiwa hawezi kutiwa hatiani bila kuthibitishwa kwamba alijua kuvunjavunja viwango ni kosa. Bunge lilirekebisha sheria mwaka huohuo na kuiondoa kinga hiyo. Kwa hiyo leo mwenye duka anayepunguza kiasi kwa kuchoka kujaza fomu, na mzazi asiyetaka mambo ya familia yake yaandikwe, wanaweza kuangukia katika kifungu kilekile kilichomnasa Hastert.

Nawakaribisha, hasa waliowahi kufanya kazi benki.

Karani Mstaafu

Ndugu mleta uzi, nakushukuru kwa kuuliza bila kututukana, kwa sababu mara nyingi sisi wa dirishani ndio tunaobeba lawama za sheria ambazo hatukuzitunga. Naomba nieleze jambo ambalo wateja wengi hawalifahamu, nalo ni kwamba swali hilo moja hubeba sababu tatu zisizofanana kabisa.

Sababu ya kwanza ni ya kawaida mno. Tawi halikai na fedha nyingi taslimu, kwa sababu za bima na usalama. Mteja akija bila taarifa kuomba kiasi kikubwa, karani anahitaji kujua kama anaweza kusubiri hadi kesho, au kama hundi ya benki au uhamisho utamfaa. Hapo hatuna haja hata kidogo ya kujua anakwenda kununua nini.

Sababu ya pili ni ulaghai. Nimewahudumia wazee waliofika dirishani huku simu ikiwa hewani mfukoni, na upande wa pili wa simu yupo tapeli anayejiita askari au ofisa wa benki, akiwa amekwisha kuwafundisha la kujibu: sema ni za ukarabati wa nyumba, sema ni za harusi, usimwamini karani maana naye anachunguzwa. Anayelaghaiwa huwa na haraka, hukasirika akiulizwa, na majibu yake huwa yamekaririwa. Uingereza ilianzisha mwaka 2016 utaratibu wa makarani kuwaita polisi moja kwa moja wanapoona dalili hizo. Fedha taslimu zikishatoka mlangoni hazina njia ya kurudi. Hata kanuni ya kuwafidia waliolaghaiwa, iliyoanza huko Oktoba 2024 kwa kikomo cha pauni 85,000, inahusu uhamisho kutoka akaunti hadi akaunti na haigusi noti alizokabidhiwa mtu mkononi.

Sababu ya tatu ni sheria za utakatishaji fedha. Hizi zinafuata mapendekezo ya FATF, chombo kilichoundwa na mataifa tajiri mjini Paris mwaka 1989. Tunatakiwa kumjua mteja, kutunza kumbukumbu kwa angalau miaka mitano, na kutoa taarifa tukitilia shaka. Na hapa ndipo penye ugumu unaotutesa: tukishatoa taarifa hiyo, haturuhusiwi kumdokeza mteja. Kumwambia ni kosa linaloweza kumfunga karani. Kwa hiyo mteja anaponiuliza "kwa nini mnanichelewesha?" na mimi nikamjibu kwamba mfumo una tatizo, huenda mfumo una tatizo kweli, na huenda nimekatazwa kusema kingine chochote.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami bado naamini daftari linamlinda mteja kuliko linavyomuumiza.

Mweka Amana (mleta uzi)

Ndugu Karani, mchango wako ndio niliokuwa nikiutamani. Umetenganisha sababu tatu, na mimi nasema mteja naye ana haki ya kutenganishiwa. Kwa sasa zote tatu hutoka kinywani mwa karani kwa maneno yaleyale, na jibu la mteja huingia katika kumbukumbu zilezile. Mama anayejibu kwa unyofu kwamba fedha ni za kumtoa binti yake kwa mume anayempiga, akidhani analindwa dhidi ya matapeli, ameacha maelezo ambayo yanaweza kusomwa miaka kadhaa baadaye na mtu anayetafuta kitu kingine kabisa. Alilolisema kwa lengo la ulinzi limegeuzwa maelezo ya upelelezi bila yeye kuambiwa. Kuhusu daftari, halina ubaya wowote likiandika kiasi, tarehe na jina. Sababu za moyoni hazikuwa na nafasi humo tangu mwanzo.

Binti Hesabu

Naomba niongeze upande wa takwimu, kwa sababu mjadala wa faragha mara nyingi huendeshwa kana kwamba tunazungumzia watu wachache wanaoshukiwa. Katika mwaka wa fedha wa 2023 mamlaka ya Marekani inayopokea taarifa hizi ilipokea takribani taarifa milioni 20.8 za miamala mikubwa ya fedha taslimu na milioni 4.6 za miamala ya kutiliwa shaka. Kiwango cha dola 10,000 kimebaki palepale tangu miaka ya mwanzo ya 1970, ilhali bei za vitu zimepanda zaidi ya mara saba. Kiasi kilichokuwa cha tajiri wakati ule leo ni bei ya gari lililotumika. Hakuna bunge lililokaa na kuamua kwamba watu wa kipato cha kati nao waingizwe katika daftari hilo. Wameingizwa na mfumuko wa bei.

Pia tuangalie motisha ya benki. Ikiacha kutoa taarifa, hutozwa faini inayoweza kuwa kubwa mno. Ikitoa taarifa isiyo na maana, haipati adhabu yoyote, na mteja hatajua. Katika hali kama hiyo taasisi yoyote yenye akili itatoa taarifa kupita kiasi, na wapelelezi watapokea rundo ambalo dalili za uhalifu wa kweli zimezama ndani yake. Ninayemlaumu hapa ni mtunga sheria aliyeweka gharama upande mmoja tu.

Mdai Haki

Mimi natofautiana nanyi nyote kwa kiasi. Mnazungumzia kuulizwa, ilhali hatari iliyo kubwa zaidi ni kukataliwa. Mwaka 2013 wenye akaunti nchini Cyprus waliwekewa kikomo cha euro 300 kwa siku, na wale waliokuwa na zaidi ya euro 100,000 katika benki kubwa kuliko zote nchini humo waliona asilimia 47.5 ya kinachozidi kiasi hicho ikigeuzwa kuwa hisa. Mwaka 2015 Ugiriki iliweka kikomo cha euro 60 kwa siku, na vizuizi vya mwisho viliondolewa Septemba 2019. Februari 2022 serikali ya Canada, ikitumia sheria ya dharura dhidi ya maandamano ya madereva wa malori, iliziruhusu benki kufungia akaunti bila amri ya mahakama na kuzikinga zisishtakiwe kwa kufanya hivyo. Mahakama ya Shirikisho iliamua Januari 2024 kwamba hatua hiyo ilikiuka haki ya kikatiba dhidi ya upekuzi usio na sababu, lakini uamuzi huo ulikuja karibu miaka miwili baada ya akaunti kufungwa na kufunguliwa. Mtu atakula nini katika siku zile, akisubiri majaji?

Ndiyo maana nasema fedha taslimu zenyewe ni sehemu ya faragha. Umoja wa Ulaya umekwisha kupitisha kanuni itakayoanza kutumika Julai 2027, inayozuia malipo ya taslimu yanayozidi euro 10,000 katika biashara. Swali la karani na kikomo cha sheria vinakwenda upande mmoja.

Mweka Amana (mleta uzi)

Ndugu Mdai Haki, mifano yako ni mizito, lakini nadhani umeyaweka pamoja mambo yanayohitaji dawa tofauti. Cyprus na Ugiriki hazikuwa zikimchunguza mteja. Zilikuwa zikizuia benki zisikaukiwe, na kikomo kilimgusa kila mtu bila kuulizwa lolote. Ni suala la uhai wa benki, tunaweza kulifungulia uzi wake. Canada, kwa upande mwingine, ni mfano halisi wa ninachokiogopa: mamlaka yaliyojengwa kwa ajili ya wahalifu wa fedha yakaelekezwa kwa waandamanaji, na benki ikafanywa mtekelezaji asiyewajibika kwa yeyote.

Binti Hesabu, hoja yako ya motisha imenifanya niyapange mapendekezo yangu upya, nami nayaweka hapa ili yapingwe.

Kiwango cha kuripoti kipandishwe kulingana na mfumuko wa bei, kwa sheria, kila baada ya muda maalumu. Hili halihitaji mjadala mrefu.

Swali la ulinzi dhidi ya ulaghai litolewe kwa jina lake. Karani aseme wazi: "Nakuuliza kwa sababu watu wengi wanalaghaiwa, huna lazima ya kunijibu, na jibu lako halitaandikwa." Mteja mwenye akili timamu akikataa ushauri baada ya kuonywa, apewe fedha zake. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikuwa karibu na msimamo huu Julai 2023, katika kesi ya wanandoa waliolaghaiwa pauni 700,000 wakazihamisha wenyewe nje ya nchi. Mahakama ilisema wajibu wa kwanza wa benki ni kutekeleza agizo la mteja, na kwamba si kazi yake kupima hekima ya agizo ambalo mteja mwenyewe amelitoa. Hukumu hiyo inauma ukiwafikiria waliopoteza akiba yao. Lakini benki ikipewa wajibu wa kupima hekima yetu, itapewa pia mamlaka ya kutunyima, na mamlaka hayo hayatatumika kwa wazee wanaolaghaiwa peke yao.

Kuhusu utakatishaji fedha, nakubali kwamba katazo la kumdokeza mteja haliwezi kuondolewa kabisa, maana mhalifu akishajua atahamisha mali. Ninachotaka ni kipimo cha muda. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2002 inatoa kielelezo: benki ikiomba ridhaa ya kuendelea na muamala, mamlaka ina siku saba za kazi kujibu, na ikikataa ina siku 31 za kuchukua hatua, ambazo haziongezwi bila mahakama. Bado ni muda mrefu kwa mtu mwenye mgonjwa hospitalini, lakini una mwisho unaojulikana. Zipo benki zinazozuia akaunti kwa barua isiyo na tarehe wala jina la ofisa, na mteja hubaki akipigishwa simu kutoka idara moja hadi nyingine.

Na kukataa kueleza matumizi kusihesabiwe peke yake kuwa dalili ya uhalifu. Kuwepo kitu kingine: chanzo cha fedha kisichoeleweka, hati za kughushi, mwenendo uliobadilika ghafla.

Karani Mstaafu

Nakubaliana na mengi, ila pendekezo lako la kutoandika jibu lina tatizo la kiutendaji. Mteja aliyelaghaiwa anaporudi na kudai kwamba hakuonywa, benki itajitetea kwa nini? Sisi tulikuwa tukiandika si kwa kupenda umbeya. Tuliandika kwa sababu aliyeitwa mbele ya meneja kujieleza alikuwa karani.

Mweka Amana (mleta uzi)

Ni kweli, na hapo narekebisha pendekezo: yaandikwe maonyo, saa yaliyotolewa, na saini ya mteja kwamba ameyasikia. Hayo yanatosha kumlinda karani mahakamani. Mteja alichosema kuhusu ndoa yake, ugonjwa wake au deni la ndugu yake hakimlindi karani kwa lolote, kwa hiyo hakina sababu ya kuwekwa kwenye kumbukumbu. Kama kuna mwenye uzoefu wa nchi ambako benki inalazimishwa kumwonesha mteja maelezo yote iliyoandika juu yake, yakiwemo ya dirishani, naomba aeleze hapa yanaombwaje na yanachukua muda gani kutolewa.